Robert Serumaga: Mganda aliyeufanya mwili kuwa lugha ya jukwaa

Robert Serumaga, mtunzi, mwigizaji na mwongozaji wa michezo ya kuigiza kutoka Uganda, aliaga dunia mjini Nairobi mwezi Septemba mwaka 1980, akiwa na umri wa takriban miaka 41. Aliacha riwaya moja na tamthilia tatu zilizochapishwa. Aliacha pia kumbukumbu ya maonyesho mawili makubwa, Renga Moi na Amayirikiti, ambayo hayapatikani katika kitabu chochote. Ni maonyesho hayo mawili, yaliyobebwa na miili ya waigizaji kuliko maneno yao, yaliyomweka miongoni mwa wasanii wachache wa Afrika Mashariki waliothubutu kubadili maana yenyewe ya mchezo wa kuigiza.

Maisha yake yana uzito wa pekee yakitazamwa kutoka Bujumbura, mji ambao Kirundi, Kiswahili na Kifaransa hukutana katika mtaa mmoja, na ambao wasanii wake wameishi kwa miongo mingi na swali lile lile lililomsumbua Serumaga: msanii aseme nini, na aseme kwa lugha gani, katika nyakati ambazo neno moja laweza kumgharimu mtu uhai wake? Serumaga alijibu kwa kuliondoa neno. Jibu hilo lilimlinda, lakini nalo lilikuwa na gharama yake.

Mchumi aliyevutwa na jukwaa

Serumaga alizaliwa mwaka 1939 katika eneo la Buganda, akalelewa katika imani ya Kikatoliki. Hakuanza kama msanii. Alikwenda Ireland kusomea uchumi katika chuo cha Trinity mjini Dublin, na mwaka 1965 akahitimu shahada ya uzamili. Dublin ulikuwa mji wa watu wa jukwaa, na chuo hicho ndicho alichosoma Samuel Beckett, mwandishi ambaye mchezo wake kuhusu watu wawili wanaomsubiri mtu asiyekuja ulikuwa umeutikisa ulimwengu wa maigizo tangu ulipooneshwa Paris mwaka 1953.

Aina hiyo ya maigizo, ambayo wahakiki wa Kiswahili huiita tamthilia ya ubwege, haifuati kisa chenye mwanzo, kati na mwisho. Wahusika huzungumza bila kufikiana, wakati hauendi mbele, na mtazamaji huachwa atafute maana mwenyewe. Serumaga aliporejea nyumbani, mbegu hiyo alikuwa nayo.

Kabla ya kurejea alifanya kazi ya utangazaji mjini London. Kupitia kituo cha Transcription Centre, kilichorekodi vipindi vya redio kuhusu sanaa na fasihi ya Afrika, aliwahoji waandishi waliokuwa wakijenga fasihi mpya ya bara hili, akiwemo Chinua Achebe wa Nigeria. Kazi hiyo ilimpa sikio la mtu wa redio: kutambua sauti, kimya, na pumzi iliyopo kati ya neno na neno.

Jukwaa la Kampala alilolirejea lilikuwa na mgawanyiko. Ukumbi wa Taifa wa Uganda, uliofunguliwa mwaka 1959, kwa miaka yake ya kwanza ulitawaliwa na vikundi vya Wazungu na Waasia waliocheza michezo ya kwao. Kwa upande mwingine, Wycliffe Kiyingi alikuwa amekwisha kuonesha tangu miaka ya 1950 kwamba Kiganda kinaweza kuujaza ukumbi. Chuo cha Makerere nacho kilianzisha mwaka 1965 kundi la kusafiri, lililopeleka maigizo vijijini katika lugha mbalimbali. Serumaga alianzisha kundi lake, Theatre Limited, kwa nia ya kuufanya uigizaji kuwa kazi ya kudumu, yenye mazoezi ya kila siku, badala ya burudani ya jioni baada ya kutoka ofisini.

Vivuli vya mwaka 1966

Haiwezekani kuzielewa kazi zake za mwanzo bila kukumbuka yaliyotokea Uganda mwaka 1966. Tarehe 24 Mei mwaka huo, majeshi ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yalishambulia kasri la Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili, aliyekuwa pia rais wa kwanza wa Uganda, aliponyoka, akavuka hadi Kongo, kisha akaingia Burundi, na kutoka huko akaelekea uhamishoni Uingereza, alikofariki mwaka 1969. Burundi iliyompa hifadhi nayo ilikuwa katika miezi ya mwisho ya ufalme wake: tarehe 28 Novemba mwaka huo huo, Michel Micombero aliuondoa ufalme na kutangaza jamhuri. Mwaka uliofuata, katiba mpya ya Uganda ilizifuta falme za nchi hiyo.

Katika hali hiyo Serumaga alitoa mchezo wake wa kwanza, A Play, mwaka 1967. Kisa chake hakina kasri wala jeshi. Mhusika mkuu, Mutimukulu, ni mwanamume aliyefiwa na mke wake, na usiku mmoja unatosha kumkutanisha na hatia anayoikimbia. Matukio huchanganyika na ndoto, marehemu hurudi, na mtazamaji hajui kwa hakika kipi kimetendeka na kipi kimo kichwani mwa mtu mmoja. Watazamaji waliozoea kisa cha moja kwa moja walistaajabu. Hata hivyo, mtu anayekataa kukiri kilichotendeka nyumbani mwake hakuwa mgeni kwa nchi iliyokuwa imetoka kushuhudia damu na kutakiwa kuendelea na shughuli zake.

Miaka miwili baadaye alichapisha riwaya yake ya pekee, Return to the Shadows, yaani Kurudi Vivulini. Nchi ya riwaya hiyo inaitwa Adnagu, na msomaji akiyasoma majina hayo kinyumenyume anapata Uganda. Mhusika mkuu, Joe Musizi, ni msomi mwenye mali aliyejizoeza kuyakwepa mapinduzi kama mtu anavyokwepa mvua, mpaka siku anapotambua kwamba vurugu haikai barabarani tu, bali huingia hadi ndani ya nyumba. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1969. Tarehe 25 Januari mwaka 1971, Idi Amin alimpindua Obote.

Michezo miwili iliyofuata iliendeleza uchunguzi huo wa nafsi. Katika The Elephants, iliyooneshwa mwaka 1970, mtu aitwaye David anamhifadhi kijana mkimbizi, Maurice, na kumficha ukweli kwamba wazazi wake hawapo tena duniani. Huruma yake inageuka kuwa kifungo kwa wote wawili. Katika Majangwa, ya mwaka 1971, mpiga ngoma na mkewe Nakirijja wanapita barabarani wakikumbuka jinsi walivyoanza na ngoma na densi, umati ukadai zaidi na zaidi, hadi wakajikuta wakiuza hadharani hata faragha ya ndoa yao. Swali la Majangwa lilimhusu kila msanii wa wakati huo: akishampa mtazamaji kila anachotaka, kinabaki nini kwake?

Mizizi iliyoanzia Moscow

Kufikia hapo Serumaga alikuwa ameanza kuyachoka maneno. Njia aliyoichukua baadaye, wahakiki wameihusisha na mafundisho ya Konstantin Stanislavski wa Urusi na Jerzy Grotowski wa Poland. Ili kuielewa njia hiyo, inafaa kurudi nyuma hadi Moscow.

Stanislavski, aliyeishi kati ya mwaka 1863 na 1938, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898. Alimtaka mwigizaji aache kuigiza kwa ishara za kukariri, na badala yake aishi ndani ya nafsi ya mhusika: ajue anataka nini, anaogopa nini, ametoka wapi kabla ya kuingia jukwaani. Uigizaji kwake ulikuwa kazi ya kujifunza maisha yote.

Mmoja wa waigizaji wake wa mwanzo, Vsevolod Meyerhold, aliondoka na kuchukua njia ya kinyume. Meyerhold aliamini kwamba hisia haianzi moyoni bali mwilini. Katika miaka ya 1920 aliunda mfumo wa mazoezi alioupa jina la biomekanika, uliomfundisha mwigizaji kuruka, kuanguka, kubeba, kupiga na kusimama kwa usahihi wa fundi na wepesi wa mwanasarakasi. Aliondoa pazia na mapambo, akajenga jukwaa la ngazi, magurudumu na majukwaa ya mbao. Mwaka 1926 aliongoza mchezo wa Nikolai Gogol ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kama Mkaguzi Mkuu wa Serikali, akaugeuza kuwa ndoto ya kutisha kuhusu watumishi wa dola waliooza.

Dola ya Stalin haikumvumilia. Ukumbi wake ulifungwa mwezi Januari mwaka 1938, na aliyempa kazi baada ya hapo alikuwa Stanislavski mzee, mwalimu aliyekuwa amemwacha. Meyerhold alikamatwa mwezi Juni mwaka 1939, mkewe, mwigizaji Zinaida Raikh, aliuawa nyumbani kwao wiki chache baadaye, na yeye mwenyewe alipigwa risasi tarehe 2 Februari mwaka 1940. Jina lake lilisafishwa rasmi mwaka 1955.

Katika kipindi hicho hicho cha katikati ya miaka ya 1950, kijana Grotowski alikwenda Moscow kusomea uongozaji. Aliporudi Poland aliunganisha nidhamu ya Stanislavski na mwili wa Meyerhold, akafikia kile alichokiita maigizo fukara: ukumbi usio na mapambo, taa za kawaida, na mwigizaji ambaye mwili na sauti yake ndivyo utajiri wote wa jukwaa. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1968 na kusomwa duniani kote.

Kwa msanii wa Afrika, mafundisho hayo hayakuwa mageni kabisa. Jukwaa lisilo na pazia, hadhira inayozunguka wachezaji, mwili unaosimulia kwa densi, sauti inayopanda kutoka wimbo hadi kilio: hayo yalikuwepo katika ngoma, matanga, ibada na sherehe za mavuno kabla ya ukumbi wowote kujengwa Kampala au Bujumbura. Kilichoongezwa na Moscow na Poland ni utaratibu wa mafunzo, njia ya kumfanya mwigizaji akitafute kila usiku kwa makusudi kile ambacho katika ngoma ya kijijini huja chenyewe.

Abafumi, yaani wasimulizi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serumaga alianzisha kundi jipya na kuliita Abafumi. Mzungumzaji wa Kirundi akilisikia jina hilo haraka anaweza kuwafikiria abapfumu, yaani waganga na waaguzi. Maana yake, hata hivyo, ni wasimulizi wa hadithi.

Waigizaji wa Abafumi walikuwa vijana, na hakuwachukua kwa ajili ya mchezo mmoja. Waliishi na kufanya mazoezi pamoja kwa muda mrefu, wakijifunza kupumua, kuimba, kucheza densi za makabila mbalimbali ya Uganda, kuanguka bila kuumia, kubaki kimya bila kulegea. Mchezo haukuanza na karatasi iliyoandikwa mezani. Ulianza na wazo, ukakua katika mwili wa kundi zima, na mwongozaji akachagua, akakata, akaunganisha.

Uamuzi huo ulikuwa na sababu ya kisanaa, na pia ulitatua tatizo la lugha. Uganda ni nchi yenye lugha nyingi, ambamo mchezo wa Kiganda huwaacha nje Waacholi, wa Kiacholi huwaacha nje Wanyankole, na wa Kiingereza huwaacha nje wengi wasiopita shuleni. Serumaga alichanganya lugha kadhaa za Uganda katika onyesho moja na kuyapunguza maneno hadi yakawa kama chumvi tu. Aliyekosa kuelewa sentensi angeelewa mgongo uliopinda, mkono uliosita, au wimbo uliokatika ghafla.

Sababu ya tatu haikutangazwa, lakini kila mtu Kampala aliijua. Katika Uganda ya Amin, maneno yalikuwa na wasikilizaji wasiotakiwa. Mchezo ulioandikwa ungeweza kusomwa na ofisa wa usalama, mstari kwa mstari. Densi haina mstari wa kupigia wino mwekundu.

Renga Moi na damu ya pacha

Renga Moi, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972, ilijengwa juu ya hadithi ya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Renga Moi ni shujaa wa kijiji kinachozungukwa na vilima. Mkewe amejifungua pacha, na mila inamtaka baba wa pacha ajiepushe na kumwaga damu mpaka matambiko yatimizwe. Kabla hayajatimizwa, adui anashambulia. Renga Moi anapaswa kuchagua kati ya wajibu wake kwa watoto na wajibu wake kwa kijiji. Anachagua kijiji, anakwenda vitani.

Akiwa mbali, balaa inakikumba kijiji, na wale aliokwenda kuwalinda wanakubali kuwatoa watoto wake sadaka ili wao wapone. Shujaa anarudi na ushindi, anawakuta watu wake wakiwa hai na watoto wake wakiwa wamekufa.

Hakuna rais katika kisa hicho, wala mwanajeshi wa kisasa. Hata hivyo, mtazamaji wa Kampala wa mwaka 1972 hakuhitaji kuelekezwa. Swali lililosimama mbele yake lilikuwa wazi: jamii inayokubali kuwaua watoto wake ili ipate amani, inabaki na amani gani? Mwaka huo huo, upande wa pili wa Ziwa Viktoria na kuelekea Tanganyika, Burundi ilipita katika mauaji makubwa ambamo walimu, wanafunzi na watumishi wengi Wahutu waliuawa, na familia nyingi zikakimbilia Tanzania, Rwanda na Zaire. Kisa cha Kiacholi kingeweza kueleweka Bujumbura bila mkalimani.

Onyesho hilo lilivuka mipaka. Mwaka 1975 Abafumi walilipeleka London, katika Msimu wa Maigizo ya Dunia uliofanyika kwenye ukumbi wa Aldwych, ambako makundi mashuhuri ya mataifa mengi yalikuwa yakialikwa. Huko pia kundi lilizungumza na hadhira kwa miili yake, kwa kuwa hakuna aliyetegemewa kujua Kiacholi.

Amayirikiti, iliyotokea mwaka 1974, ilikwenda mbali zaidi. Jina lake ni la miti yenye maua mekundu, mti ule ule ambao Warundi huuita umurinzi na ambao kwa jadi yao una heshima ya kidini. Maneno yalikaribia kutoweka kabisa. Kilichobaki ni miili ya watu wanaoteseka, wanaoomboleza na wanaozika, chini ya wekundu unaoweza kuwa maua na unaoweza kuwa damu.

Makofi ya mtawala

Hapa ndipo linapoingia jambo linalowagawa wahakiki wa Serumaga hadi leo. Abafumi waliendelea kufanya kazi chini ya Amin na kusafiri nje ya nchi katika miaka ambayo Waganda wengi walikuwa wakitoweka. Kundi la densi na ngoma lililoshangiliwa Ulaya lilikuwa, kwa namna fulani, pambo kwa serikali iliyokuwa ikitafuta heshima. Wapo waliomlaumu Serumaga kwa hilo, na waliosema kwamba tangu mwanzo alimjali mtu mmoja na maumivu yake kuliko harakati za umma.

Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Sanaa isiyotamka jina la mkosaji inaweza kupigiwa makofi na mkosaji mwenyewe. Mtazamaji aliyefiwa na mwanawe aliona katika Amayirikiti kilio chake. Ofisa aliyeketi viti viwili mbele yake aliweza kuona densi nzuri ya kienyeji. Onyesho lilikuwa moja, na kila mmoja alitoka na lake.

Lakini hatari ya njia nyingine nayo ilidhihirika. Byron Kawadwa, mtunzi wa michezo ya Kiganda na mkuu wa Ukumbi wa Taifa, aliuawa mwaka 1977, baada ya kuongoza kundi la Uganda katika tamasha kubwa la sanaa za Afrika lililofanyika Lagos. Michezo yake ilitumia nyimbo na maneno ambayo kila mtu aliyaelewa. Katika mwaka huo huo aliuawa pia Askofu Mkuu Janani Luwum. Baada ya hapo, wasanii wengi waliobaki Uganda walinyamaza au walikimbia.

Kutoka jukwaani hadi siasa

Serumaga mwenyewe alifikia mahali ambapo mwili jukwaani haukumtosha tena. Akiwa uhamishoni Nairobi alijiunga na harakati za kumwondoa Amin kwa silaha. Mwezi Machi mwaka 1979, makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana Moshi, Tanzania, na kuunda muungano wao wa ukombozi. Tarehe 11 Aprili, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala. Katika serikali ya Rais Yusuf Lule, Serumaga aliteuliwa kuwa Waziri wa Biashara. Shahada yake ya uchumi, aliyokuwa ameiweka kando kwa zaidi ya miaka kumi, ilipata kazi.

Serikali ya Lule ilidumu kwa siku 68 tu. Ilipoanguka mwezi Juni mwaka 1979, Serumaga alirudi tena katika maisha ya uhamishoni, na mwaka uliofuata akafariki Nairobi kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Hakupata nafasi ya kuongoza mchezo katika Uganda isiyo na Amin.

Bujumbura na njia nyingine

Burundi inafahamu vyema lugha ya mwili na ngoma. Densi ya ngoma za kifalme, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, inaunganisha mpigo, mruko, ushairi na mashujaa wa kale katika onyesho moja. Hata mti unaochongwa ngoma hizo una jina linalosema mengi: umuvugangoma, mti unaozisemesha ngoma. Mtu aliyekulia karibu na sanaa hiyo hahitaji kushawishiwa kwamba hadithi inaweza kusimuliwa na mabega na nyayo.

Hata hivyo, nchi hiyo ilipoingia katika vita baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba mwaka 1993, mmoja wa wasanii wake mashuhuri alichagua njia iliyo kinyume na ya Serumaga. Marie-Louise Sibazuri, mwandishi wa michezo ya kuigiza aliyezaliwa mwaka 1960, hakuliondoa neno. Alilirudisha kwa watu, katika Kirundi cha kila siku, kupitia redio.

Mwaka 1995 ilianzishwa mjini Bujumbura Studio Ijambo, ambamo waandishi wa habari Wahutu na Watutsi walifanya kazi pamoja wakati mitaa ya mji ilikuwa ikigawanyika kwa misingi ya kabila. Kuanzia mwaka 1997 studio hiyo ilitoa mchezo wa redio ulioandikwa na Sibazuri, Umubanyi Niwe Muryango, jina linalomaanisha kwamba jirani ndiye familia. Kisa kilihusu familia mbili zinazopakana, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi, zenye ugomvi, ndoa, magonjwa, uvumi na misaada ya kawaida. Mchezo huo uliendelea kwa miaka mingi na mamia ya vipindi, na ulisikilizwa pande zote za nchi.

Wasanii hao wawili wanatofautiana katika karibu kila kitu. Serumaga aliuondoa usemi ili mwili ubaki, Sibazuri aliuondoa mwili ili sauti ibaki. Serumaga alirudi kwenye hadithi za kale, Sibazuri aliingia jikoni na kisimani. Lakini wote wawili walilikabili tatizo moja: namna ya kuwaweka mbele ya ukweli watu wanaoogopana, bila kuwapa sababu ya kuuziba masikio kabla haujafika.

Kilichobaki

Kazi za Serumaga zinazoweza kusomwa leo ni riwaya yake pamoja na The Elephants, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1971, na A Play na Majangwa, zilizotolewa pamoja mwaka 1974. Zinasomwa pamoja na kazi za wenzake wa kizazi hicho waliojaribu miundo mipya, kama Mtanzania Ebrahim Hussein, ambaye tamthilia yake Mashetani, ya mwaka 1971, iliyatumia mapepo na mbuyu kuzungumzia nafsi zilizogawanyika baada ya ukoloni. Mwanawe, Kalundi Serumaga, naye aliingia katika sanaa na uandishi wa habari, na aliwahi kuuongoza Ukumbi wa Taifa mjini Kampala.

Renga Moi na Amayirikiti haziwezi kusomwa kwa namna hiyo. Zilihifadhiwa katika misuli na kumbukumbu za waigizaji, na kundi lilipotawanyika, zilitawanyika nalo. Kile kilichozilinda dhidi ya jicho la ofisa wa usalama ndicho kilichozinyima maisha marefu. Vipindi vya redio vya Bujumbura vinaweza kurudiwa, na tamthilia iliyoandikwa inaweza kuchezwa upya na kizazi kingine. Mwili wa mwigizaji hauachi nakala.

Kwa makundi ya vijana wanaofanya mazoezi leo Kampala, Bujumbura, Goma au Kigoma, hilo ni jambo la kulipima kwa vitendo. Nidhamu ya Abafumi, mchanganyiko wao wa lugha na imani yao kwamba ngoma ya kijijini ni shule kamili ya uigizaji, ni mambo yanayoweza kuchukuliwa bila gharama kubwa. Linaloongezeka kwao, ambalo Serumaga hakuwa nalo kwa urahisi, ni uwezo wa kurekodi mazoezi na maonyesho yao, kuwahoji wazee waliowahi kucheza, na kuyahifadhi hayo mahali ambapo mwingine atayakuta.

Waliomwona Renga Moi akirudi kijijini na ushindi wake, na kukuta kimya badala ya vilio vya watoto wake, wanazidi kupungua kila mwaka.